Habari za Kuoka na za Jibini Kando ya Ziwa

Siku moja nilikuwa nikisoma na wanafunzi wangu habari za Daudi katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa 17, jinsi Yese baba yake alivyomtuma kuwapelekea ndugu zake chakula vitani, pamoja na jibini kumi kwa akida wao. Kijana mmoja akasimama akasema, “Mwalimu, sisi Wasukuma tuna ng’ombe wengi kuliko Yese. Mbona babu zetu hawakufanya jibini? Hawakujua?” Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana niliona ya kuwa neno lile la mwisho lilikuwa limekaa moyoni mwake siku nyingi, nami sikuwa na jibu la kumpa papo hapo.

Hata jioni nilipofika nyumbani nikamkuta binti yangu na daftari, amenakili kutoka kwa rafiki yake wa mjini Mwanza namna ya kuoka pai ya mboga na jibini. Pai hiyo ni unga wa ngano uliokandwa na mafuta, ukatandazwa katika bati, ukatiwa mboga, mayai, maziwa na jibini, kisha ukaokwa mpaka uive. Akaniuliza kama jambo hili lawezekana katika nyumba isiyokuwa na jiko la umeme. Basi maswali mawili yakakutana siku moja, la kijana na la binti yangu, nami nikaona ya kuwa ni swali moja. Nikaanza kutafuta habari zake, na hizi ndizo nilizozipata.

Kwanza maziwa. Mtu asiyejua mambo ya wafugaji hudhani ya kuwa maziwa hunywewa tu basi. Sivyo. Mama zetu wa Usukumani walikamua asubuhi na jioni, wakayatia maziwa katika vibuyu, wakayaacha mpaka yakaganda. Kisha walikisukasuka kibuyu kwa subira, mtu ameketi, mikono yake ikienda mbele na nyuma, mpaka siagi ikajitenga. Mtindi ukanywewa au ukaliwa kwa ugali. Siagi ikachemshwa motoni, maji yakaisha, machicha yakashuka chini, ikabaki samli safi. Samli haiharibiki upesi, kwa sababu kinachooza ni maji na machicha, navyo vimekwisha kuondolewa. Waweza kuiweka katika chungu miezi mingi katika joto la nchi yetu, nayo ni njema.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la yule kijana. Jibini ni nini ila ni njia ya kuyahifadhi maziwa ya leo yafae kesho kutwa? Watu wa nchi za baridi walihifadhi ute mzito wa maziwa, wakauweka katika vyumba vya chini ya ardhi vilivyo baridi mwaka mzima. Watu wa nchi ya joto walihifadhi mafuta yake. Kila mmoja alichagua kile ambacho hewa ya kwao ilimruhusu kukitunza. Tena jibini ya Wazungu iliyo ngumu hugandishwa kwa maji ya tumbo la ndama anyonyaye, na kwetu ng’ombe ni mahari, ni dhamana ya mtoto atakayeoa, ni akiba ya mwaka wa njaa. Ni nani angemchinja ndama kwa ajili ya tumbo lake? Na chumvi nayo, ambayo jibini haiwezi kukaa bila hiyo, ilikuwa mali ya thamani. Ilitoka mbali, kutoka ziwa la Eyasi na kutoka Uvinza, na watu walisafiri kwa miguu siku nyingi kuifuata.

Lakini nisije nikasema ya kuwa jibini haikufanywa kabisa katika nchi hizi zamani. Ilifanywa, nayo ina tarehe yake. Mwaka 1872 Dakta Livingstone alikaa Unyanyembe, karibu na Tabora, kwa miezi mingi. Bwana Stanley, aliyemkuta Ujiji mwaka uliotangulia, alimwacha hapo mwezi wa Machi akaenda zake pwani, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi watakaoletwa kutoka Unguja. Wapagazi hao hawakufika mpaka mwezi wa Agosti. Katika siku hizo za kungoja aliandika katika kitabu chake cha kila siku ya kuwa wanafanya jibini kwa ajili ya safari. Alisema ni njema, ila ina uchungu kidogo wa kuchacha, kwa kuwa maziwa hugeuka upesi katika hewa ya huku. Wala hawakutumia tumbo la ndama: waliyaacha maziwa yagande yenyewe, nayo yaliganda kwa nusu ya siku.

Mnaona, wasomaji? Maziwa yaliyoganda yenyewe kwa nusu ya siku ni maziwa yale yale ya kibuyu cha bibi zetu. Tofauti ni kitambaa tu. Bibi alikisuka kibuyu atoe siagi. Huko Unyanyembe waliyachuja maziwa yale, wakayakamua maji.

Tena kuna jambo ambalo sipendi kulipita. Katika nyumba ile ya Livingstone kulikuwa na mpishi, mwanamke jina lake Halima, mke wa Hamoydah. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 alimwona akishughulika jikoni, akaandika habari zake. Livingstone naye alimsifu sana, akasema nia yake ni kumpa uhuru na kumnunulia nyumba na shamba Unguja watakapofika huko. Livingstone hakufika. Alikufa mwaka 1873 kule Chitambo, na Halima alikuwa katika kundi lile la watumishi wake waliokuwapo. Basi tunaposoma ya kuwa jibini ilifanywa, mimi nauliza: ni mikono ya nani iliyoshika kile chungu? Mwenye kitabu aliandika kwa wingi, “sisi”. Mpishi wa nyumba alikuwa Halima, nami siamini ya kuwa kazi ya jikoni ilifanywa yeye akitazama tu.

Sasa nije kwetu ziwani. Njia ya misafara kutoka Tabora hata ziwani ilikwisha kujulikana. Speke aliipita mwaka 1858, akatembea siku 25 hivi, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti akiwa juu ya kilima karibu na mahali palipo mji wa Mwanza. Stanley alifika Kageye mwezi wa Februari 1875 na mashua yake iliyochukuliwa vipande vipande. Wamisionari wa Kiingereza walifuata mwaka 1877, na Mapadre Weupe walifika Kageye mwisho wa mwaka 1878. Mapadre hao walipotoka Buganda mwaka 1882 walivuka ziwa, wakajenga Bukumbi mwaka 1883, katika nchi ya mtemi Kamoga.

Watu hawa wote walikuja na haja ya mkate. Ngano haikuwa nafaka ya nchi ya ziwa. Sisi tulikuwa na mtama, uwele na ulezi, na baadaye mahindi, muhogo na mpunga. Waarabu wa Unyanyembe ndio waliopanda ngano wakati wa kiangazi, wakaimwagilia maji, hata wasafiri wa Kizungu waliopita Tabora waliistaajabia. Kwa mapadre ngano ilikuwa zaidi ya chakula, kwa kuwa mkate wa altare haufanywi kwa nafaka nyingine. Kwa hiyo gunia la ngano lilipofika ziwani halikuwa kitu cha kuchezewa.

Habari moja ya mkate imeandikwa wazi. Mackay, fundi Mskochi wa misioni ya Kiingereza, alitoka Buganda mwaka 1887 akajenga Usambiro, upande wa kusini wa ziwa. Stanley alipotoka kumchukua Emin Pasha alifika kwake tarehe 28 Agosti 1889, yeye na watu wake wamechoka na kukonda, akakaa hapo siku 20 hivi. Katika kitabu chake alisimulia kwa furaha ya kuwa walipewa kahawa, na mkate uliookwa pale pale nyumbani, na siagi, vitu ambavyo hawakuvionja kwa muda wa miezi 30. Mackay mwenyewe alikufa hapo Usambiro kwa homa mwezi wa Februari 1890. Nimesoma sifa zake nyingi, jinsi alivyofua chuma, alivyopiga chapa vitabu, alivyounda mashua. Nazo ni kweli. Lakini mimi mkate ule wa Usambiro ndio unaonivuta, kwa kuwa unashuhudia ya kuwa tanuri ilikuwako pwani yetu miaka zaidi ya 130 iliyopita, na siagi ilikuwa ya ng’ombe wa nchi hii hii.

Mwaka uliofuata ng’ombe hao wenyewe walikuwa hatarini. Sotoka ilishuka kutoka kaskazini, ikafika nchi za ziwa mwaka 1891, ikaua sehemu kubwa mno ya mifugo. Boma lililolala na ng’ombe mia liliamka na mizoga. Kwa hiyo Wazungu wengi waliokuja katika miaka ya mwisho ya karne ile na kuandika kwamba watu hawa hawana maziwa, waliwaona watu waliofilisika. Hawakuwaona kama walivyokuwa kabla.

Habari ya pai yenyewe ni fupi. Chakula cha namna hii kilianzia katika nchi za mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, yaani Lorraine na Alsace. Hapo kwanza kilikuwa unga wa mkate uliotandazwa, ukamiminiwa mayai na malai. Jibini na mboga ziliongezwa baadaye, kila nchi kwa ladha yake. Hata jina lake la Kifaransa latokana na neno la Kijerumani lenye maana ya keki. Sasa kumbukeni ya kuwa Askofu Hirth, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1890 na baadaye akaongoza Nyanza ya Kusini, alikuwa mtu wa Alsace, aliyezaliwa huko mwaka 1854. Sisemi ya kuwa aliokewa pai Bukumbi. Nasema tu ya kuwa nchi ya pai na nchi ya samli zilikwisha kukutana mapema kuliko tunavyodhani.

Yaliyoleta unga kwa wingi ni reli na meli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, meli zikaanza kuzunguka ziwa, na Mwanza, uliokuwa mji wa Wadachi, ukapata njia ya kupeleka ngozi na karanga, na kuleta bidhaa. Mwaka 1908 kilianzishwa huko Kenya kiwanda cha kusaga ngano ambacho jina lake ni neno letu wenyewe, Unga. Mwaka 1925 wakulima wa Kizungu wa Kenya wakaanzisha chama chao cha maziwa, ambacho siagi na jibini zake zilijulikana pande zote hizi. Waingereza walikuwa wamekwisha kuishika Mwanza tangu mwaka 1916. Na reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, ikaipita kwa siku moja ile njia ambayo Speke aliitembea siku 25. Tangu hapo mtu mwenye fedha aliweza kununua unga wa ngano dukani kwa Mhindi. Mwenye fedha, nasema.

Babu yangu alikuwa mpishi. Alipika katika nyumba ya Wazungu upande huu wa ghuba kwa miaka mingi kabla ya uhuru, wala sitaitaja nyumba yenyewe. Alijua kuoka mkate, keki, nyama katika unga, na hayo mapai ya mboga. Alijua kulitambua joto la tanuri kwa kutia mkono ndani na kuhesabu: akiweza kuhesabu mpaka kumi na tano, moto ni wa mkate, akishindwa kupita nane, asubiri. Lakini unga ulipimwa kwa kikombe na kufungiwa kabatini, na ufunguo ulikaa kiunoni mwa mwenye nyumba. Kwake nyumbani hakuoka hata mara moja. Bibi alinisimulia haya nikiwa mtu mzima. Alisema, “Mjukuu wangu, nguo zake zilinukia mkate kila jioni, nami nilimpikia ugali. Nilimwomba anifundishe. Akasema, hicho ni chakula cha kazini.”

Nimelifikiri sana neno hilo. Babu hakuwa mtu mchoyo. Nadhani alikuwa amefundishwa kuigawanya akili yake mafungu mawili, moja la kazini na moja la nyumbani, wala asiruhusu la kwanza livuke kizingiti cha pili. Wapishi kama yeye walikuwa wengi katika Mwanza, Bukoba na Musoma, nao wote walikuwa wanaume. Walichukua ujuzi huo kichwani, wakazikwa nao. Vitabu vya misioni na vya serikali vimeandika majina ya walioketi mezani. Halima amebahatika kuandikwa kwa sababu bwana wake alikuwa na kalamu na moyo wa shukrani. Babu yangu hakubahatika.

Hiyo ndiyo sababu nilimwambia binti yangu, “Tutaoka.”

Jibini tuliifanya wenyewe. Tulipasha moto lita tano za maziwa mapya mpaka yakakaribia kuchemka, tukayaondoa motoni, tukamimina maji ya ndimu kidogo kidogo huku tukikoroga taratibu. Ukali wa ndimu huyatenga maziwa, ute mweupe hujikusanya juu na maji ya rangi ya majani makavu hubaki chini. Tukayachuja katika kitambaa safi, tukatia chumvi, tukaweka jiwe juu yake kwa saa mbili. Tulipata jibini iliyopungua kilo moja. Yale maji hatukuyamwaga. Yalikandia unga wa mandazi siku ya pili.

Unga ulikuwa vikombe viwili, na samli nusu kikombe. Samli hukandwa kwanza na unga mkavu kwa ncha za vidole mpaka ufanane na mchanga, ndipo maji baridi yatiwe kidogo. Ukizidisha maji au ukikanda kwa nguvu kama mkate, pai huwa ngumu kama ngozi. Ndani tulitia mchicha uliokaangwa na vitunguu na nyanya, ukakaushwa vizuri, maana mboga yenye maji hulowesha unga wa chini. Kisha mayai matatu yaliyopigwa na kikombe kimoja cha maziwa, na jibini iliyovunjwavunjwa.

Tanuri hatunayo. Lakini wanawake wa pwani tangu zamani hupika kwa moto wa juu na chini, wakipalia makaa juu ya kifuniko, nasi tulifuata njia yao. Nilichukua sufuria kubwa, nikatia mchanga mkavu wa ziwani kina cha vidole viwili, nikapanga vijiwe vitatu juu ya mchanga, bati la pai likakaa juu ya vijiwe. Kifuniko cha bati, na makaa juu yake. Hapo nilikosea. Niliweka makaa mengi chini na machache juu, nikidhani moto ni wa chini daima kama wa ugali. Baada ya dakika 40 tulifunua tukakuta juu mayai bado yanatikisika, na chini pai imekuwa nyeusi. Binti yangu alinyamaza kwa adabu. Bibi, ambaye sasa ni mzee sana na macho yake yamefifia, alikuwa ameketi mlangoni. Akasema, “Babu yako alisema moto wa mkate ni wa juu.”

Nikamgeukia. “Bibi, si ulisema hakukufundisha?”

“Hakunifundisha,” akajibu. “Alisema usingizini.”

Sijui hata leo kama alinitania. Lakini mara ya pili tuliweka makaa theluthi mbili juu na theluthi moja chini, nayo pai ikaiva rangi ya dhahabu juu na chini, ikatoka katika bati bila kuvunjika. Tulimkatia Bibi kipande cha kwanza. Alikishika kwa mkono, akakinusa kwa muda mrefu kabla ya kula, akauliza jibini ni ipi. Binti yangu akamwonyesha. Bibi akaitafuna, akasema, “Haya ni maziwa yaliyoganda.” Akala kipande chote, akaomba cha pili, kisha akatuuliza kwa nini tumenunua mchicha sokoni ilhali nsansa ya kunde imejaa ndani ya kapu darini.

Yule kijana nilimwita siku ya Jumatatu, nikampa kipande kilichofungwa katika jani la mgomba, nikamweleza habari za samli, na za Unyanyembe, na za Halima. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama maziwa ya mbuzi nayo yatafaa. Nikamwambia yatafaa. Jumamosi iliyofuata tulioka ya tatu, na ndani yake tulitia nsansa, iliyolowekwa tangu usiku na kuungwa kwa karanga.